Nahodha aliyechora Australia akamlilia paka wake kifungoni

NAHODHA Matthew Flinders alifariki jijini London mnamo Julai 19, 1814 akiwa na umri wa miaka 40. Siku moja tu kabla ya hapo, kitabu alichokitolea jasho kwa miaka mingi, chenye majuzuu mawili na mkusanyo wa ramani, kilikuwa kimetoka kwa mchapishaji. Ndani yake mlikuwa na ramani ya bara zima ambalo yeye alipendekeza liitwe Australia. Hakuishi kuona jina hilo likikubaliwa, wala hakupata cheo na malipo aliyoamini kuwa ni haki yake.

Miongoni mwa karatasi alizoacha mlikuwa na maandishi mengine, mafupi, ambayo hayakuhusu pwani wala dira. Yalikuwa wasifu wa paka. Aliyaandika mwaka wa 1809 akiwa mateka wa Wafaransa katika kisiwa ambacho leo ni nchi ya Mauritius, nayo yakakaa kwa zaidi ya miaka 160 bila kusomwa na umma. Yalipochapishwa katika miaka ya 1970, wengi waliomfahamu Flinders kama jina la mto, safu ya milima na chuo kikuu nchini Australia ndipo walipokutana naye kama binadamu.

Paka huyo aliitwa Trim. Alizaliwa ndani ya manowari ya Uingereza, Reliance, ilipokuwa ikivuka Bahari ya Hindi kutoka Rasi ya Tumaini Jema kuelekea koloni changa la Sydney. Flinders aliandika kwamba ilikuwa 1799, ingawa safari ya Reliance kutoka Rasi ilikuwa ya mwaka wa 1797. Yamkini miaka ya kifungo ilikuwa imeichosha kumbukumbu ya mtu ambaye kwa kawaida hakukosea hata nukta moja katika hesabu zake. Lililo wazi ni kwamba paka huyo hakuzaliwa nchi kavu, na kwa sehemu kubwa ya maisha yake sakafu aliyoijua ilikuwa ile inayoyumba.

Flinders mwenyewe alizaliwa Machi 16, 1774 katika kijiji cha Donington, jimbo la Lincolnshire, mashariki mwa Uingereza. Babake alikuwa tabibu, na alitarajia mwanawe angerithi kazi hiyo. Mtoto alisoma kisa cha Robinson Crusoe, akaingiwa na ndoto ya bahari, na haikumtoka tena. Akiwa kijana wa miaka 15 au 16 alijiunga na jeshi la majini. Alisafiri na Nahodha William Bligh, yule yule ambaye mabaharia wake walikuwa wamemwasi katika merikebu ya Bounty, na kutoka kwake akajifunza uchoraji wa ramani. Mnamo 1794 alikuwa ndani ya manowari Bellerophon ilipopigana na Wafaransa. Vita havikumvutia sana. Alichotaka ni kuona mahali ambapo ramani ilikuwa tupu.

Mwaka uliofuata alipata nafasi hiyo. Reliance ilitumwa kumpeleka gavana mpya Sydney, na ndani yake alikuwamo pia daktari kijana aliyeitwa George Bass. Wawili hawa walishikana kama chanda na pete. Walianza kwa kukagua ghuba na mito ya karibu wakitumia mashua ndogo mno ambayo watu wazima wenye busara wasingethubutu kuitoa nje ya bandari. Kisha, kati ya Oktoba 1798 na Januari 1799, waliizunguka Tasmania kwa jahazi lililoitwa Norfolk na kuthibitisha kwamba ni kisiwa kinachosimama peke yake. Mlango-bahari ulio kati ya Tasmania na bara ukapewa jina la Bass.

Kati ya safari hizo ndipo Trim alipokua. Kwa maelezo ya bwana wake, alikuwa mweusi tititi, isipokuwa miguu minne iliyokuwa kana kwamba imechovywa katika theluji, alama nyeupe kifuani, na weupe chini ya mdomo. Angali mdogo, alikuwa akicheza na wenzake kwenye sitaha usiku akaanguka baharini. Wengine wangezama. Yeye aliogelea hadi ubavuni mwa merikebu, akateremshiwa kamba, akaing'ang'ania na kuikwea hadi juu. Kuanzia usiku huo akawa kipenzi cha maafisa na mabaharia, na jina alilopewa lilitoka kwa mtumishi mwaminifu na mwema katika riwaya ya Laurence Sterne, Tristram Shandy.

Merikebu ya siku hizo haikuwa na nafasi ya mnyama wa kupendezesha macho tu. Panya walitoboa magunia, wakala biskuti ngumu ambazo ndizo zilikuwa chakula kikuu cha mabaharia, wakatafuna matanga na kamba. Paka alikuwa mfanyakazi. Trim aliijua kazi yake katika ghala ya chakula, lakini hakutaka kukaa huko. Mabaharia walipoamriwa kupanda milingotini kukunja matanga, naye alipanda, na mara nyingi akawatangulia. Alifunzwa kuruka juu ya mikono yao iliyounganishwa. Mbwa walipoletwa merikebuni aliwaendea moja kwa moja, akawatandika kofi la pua, na mambo yakaisha.

Mezani ndiko alikokuwa na visa zaidi. Alifika wa kwanza katika chumba cha maafisa, akakaa kwa adabu akisubiri kila mmoja ampe kipande kidogo cha nyama. Aliyejifanya hakumwona, au aliyeshughulika na mazungumzo huku uma ukining'inia hewani, alijikuta akiuma uma mtupu. Trim alikuwa ameichukua nyama kwa wepesi na upole kiasi kwamba ilikuwa vigumu kumkasirikia. Flinders anasimulia haya kwa sauti ya mtu anayeandika habari za waziri au jenerali, na hapo ndipo utamu wa maandishi yake ulipo. Anamsifu paka kwa elimu yake ya unajimu wa baharini, kwani kila saa maalumu za kupimia longitudo zilipotolewa kwa ajili ya vipimo, Trim alikuja kuziangalia, akazigusa kwa ukucha na kuzisikiliza zikipiga tiki-tiki.

Katika safari za pwani Trim alipata rafiki mwingine, naye ni Bungaree, mwenyeji wa Australia kutoka sehemu za kaskazini mwa Sydney, ambaye Flinders alimchukua kama msaidizi na mpatanishi kila walipokutana na jamii za pwani. Kiu ilipomshika, Trim alimlilia Bungaree na kurukia pipa la maji. Akiwa na njaa, alimwongoza kwenye chakula. Bungaree alikuja kuwa mwenyeji wa kwanza wa Australia anayejulikana kuizunguka nchi yake yote kwa merikebu, na kwa muda mrefu vitabu vilimtaja kwa sentensi moja tu au visimtaje kabisa. Katika wasifu wa paka ana nafasi yake.

Reliance ilirudi Uingereza mnamo 1800 na Trim akiwamo. Aliachwa kwa muda nyumbani kwa mama mmoja katika mtaa wa Deptford, London, ambako ilidhihirika kwamba paka aliyelelewa baharini hana heshima kwa vyombo vya kauri. Bwana wake naye alikuwa na shughuli nyingi. Alimwandikia Sir Joseph Banks, mwanasayansi mwenye sauti kubwa serikalini, akimweleza kwamba pwani yote ya bara lile la kusini yafaa kuchunguzwa na kuchorwa. Banks alikubali. Flinders akapewa merikebu ya Investigator, wataalamu wa mimea na wachoraji, na agizo la kuondoka.

Hapo katikati aliingiza jambo moja ambalo hakuwaarifu wakubwa wake. Aprili 17, 1801 alimwoa Ann Chappelle, msichana aliyekuwa amemsubiri tangu kabla ya safari ya Reliance. Mpango wake ulikuwa kumchukua aishi naye Sydney. Makamishna wa jeshi la majini walipoitembelea merikebu walimkuta Bi Ann katika chumba cha nahodha akiwa ametulia bila kofia, kama mtu aliye nyumbani kwake. Banks akamwonya Flinders kwamba akithubutu kumchukua mkewe, atanyang'anywa uongozi wa safari. Alilazimika kuchagua. Julai 18, 1801 Investigator iling'oa nanga. Ann alibaki Uingereza. Trim alikwenda.

Ndoa ilikuwa na umri wa miezi mitatu. Ingepita miaka tisa na ushei kabla mume na mke kuonana tena.

Safari yenyewe ilikuwa ya ufanisi na ya mikosi kwa pamoja. Kuanzia Desemba 1801 Flinders aliufuata ufuo wa kusini wa Australia kutoka magharibi, akipima kila rasi na ghuba. Februari 1802 mashua iliyokuwa imetumwa kutafuta maji ilipinduka na watu wanane wakapotea, akiwemo msaidizi wake John Thistle, rafiki wa miaka mingi. Mahali hapo alipaita Rasi ya Maafa. Aprili 8 alikutana na merikebu ya Kifaransa ikija kutoka upande wa pili. Ilikuwa ya Nicolas Baudin, aliyetumwa na serikali ya Ufaransa kufanya kazi ile ile. Mataifa yao yalikuwa yakipigana, na habari za amani zilikuwa hazijawafikia. Manahodha hao wawili walikula pamoja na kubadilishana maarifa, na ghuba hiyo hadi leo inaitwa Ghuba ya Makutano.

Kutoka Sydney alielekea kaskazini, akapita kando ya miamba mikubwa ya matumbawe na kuingia Ghuba ya Carpentaria. Huko maseremala walikagua mbao za Investigator wakakuta zimeoza. Walimwambia kwamba katika hali njema ya hewa ingestahimili kama miezi sita tu, na dhoruba kali ingeizamisha. Aliendelea na upimaji kwa kadiri alivyoweza, kisha akaikimbiza merikebu iliyojaa wagonjwa wa kuhara damu na kiseyeye hadi Sydney, alikofika Juni 9, 1803. Bara lote lilikuwa limezungukwa. Sehemu ya magharibi ilikuwa bado yahitaji vipimo, na kwa hilo alihitaji merikebu nyingine kutoka Uingereza.

Akapanda Porpoise kama abiria. Usiku wa Agosti 17, 1803 Porpoise na merikebu nyingine, Cato, ziligonga mwamba mamia ya kilomita kutoka bara. Merikebu ya tatu iliyofuatana nazo, Bridgewater, iliendelea na safari yake bila kuwaokoa. Walionusurika, Trim miongoni mwao, walijikusanya juu ya fungu la mchanga lisilo na mti wala kisima, wakaweka hema za matanga na kuhesabu mapipa ya maji. Flinders alichukua mashua ya wazi, akaipa jina Hope, yaani Tumaini, akaabiri zaidi ya kilomita 1,000 hadi Sydney kuomba msaada. Wiki saba baada ya ajali alirudi na merikebu tatu. Paka alikuwa bado yupo.

Hapa ndipo alipofanya uamuzi ambao ungemgharimu. Badala ya kusafiri na wenzake waliokwenda China ili kupanda merikebu kubwa za kurejea Ulaya, alitaka kufika kwao haraka. Akajitosa baharini na watu wasiozidi 10 katika jahazi dogo la Cumberland, la tani 29, lililokuwa likivuja na kujaa wadudu. Trim aliandamana naye. Katikati ya Desemba 1803 maji yaliyokuwa yakiingia ngamani yalishinda pampu, na Flinders akaingia katika kisiwa cha Île de France, jina la Mauritius wakati wa utawala wa Wafaransa, akiamini pasipoti aliyopewa na serikali yao ingemlinda.

Hakujua kwamba vita vilikuwa vimeanza upya. Pasipoti yake ilitaja merikebu ya Investigator, naye alikuwa amewasili na Cumberland. Gavana Charles Decaen, jenerali wa Napoleon, hakuweza kuamini kwamba mwanasayansi mashuhuri angevuka Bahari ya Hindi katika kijahazi kama kile. Zaidi ya hayo, Flinders alikuwa amebeba barua rasmi za gavana wa Sydney, jambo lililotilia nguvu shaka ya ujasusi. Baada ya mahojiano makali alialikwa kula chakula cha jioni kwa gavana. Akakataa kwa hasira, akitaka kwanza atambuliwe kuwa huru. Kwa Mfaransa yule lilikuwa tusi. Huenda mlo mmoja ungempunguzia miaka, lakini Flinders hakuwa mtu wa kuinama, na Decaen hakuwa mtu wa kusahau.

Alifungiwa kwanza katika chumba cha mkahawa mjini Port Louis akilindwa na askari mlangoni, kisha mwaka wa 1804 akahamishiwa nyumba walimowekwa maafisa wa Kiingereza waliotekwa. Vitabu na karatasi zake vilichukuliwa, baadhi vikarudishwa baadaye. Katika miezi hiyo ya kwanza Trim ndiye aliyekuwa akiingia na kutoka apendavyo. Mama mmoja wa Kifaransa mjini aliomba kumchukua ili awe mwenzi wa binti yake mdogo. Flinders, akihofia usalama wa paka mahali palipojaa askari na mateka, alikubali. Wiki mbili hazikuisha vizuri, paka akatoweka. Ilitangazwa zawadi ya fedha kwa atakayemrudisha. Hakuonekana tena.

Flinders aliamini kwamba Trim alikamatwa na mtumwa mwenye njaa akapikwa. Hakuwa na ushahidi. Aliandika hivyo kwa uchungu wa kweli, na wasomaji wengi wa Ulaya wamelipita neno hilo kama sehemu ya simanzi ya paka. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki ana sababu ya kusimama hapo. Watumwa walikuwa zaidi ya robo tatu ya wakazi wa kisiwa hicho. Walitolewa Madagaska, Msumbiji na pwani ya Waswahili, na mnamo mwaka wa 1776 mfanyabiashara Mfaransa, Morice, alikuwa ametia sahihi mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa hivyo. Mtu aliyeshukiwa kumla Trim, kama alikuwepo, huenda alizaliwa katika kijiji nyuma ya Kilwa na kulisikia Kiswahili utotoni mwake.

Swali la kwa nini mtu anayelima shamba lenye rutuba toka alfajiri hadi machweo awe na njaa ya kumfanya amle paka, Flinders hakulifuatilia. Katika kisiwa hicho yeye mwenyewe alikuwa akilalamika, kwa haki kabisa, juu ya kunyimwa uhuru bila kosa. Wale waliompitia mlangoni wakiwa na jembe begani hawakuwa na balozi wa kuwaandikia barua, na jina la hata mmoja wao halimo katika wasifu ambamo jina la paka limo katika kila ukurasa.

Mwaka wa 1805 Flinders aliruhusiwa, kwa ahadi ya kutotoroka, kuhamia sehemu ya nyanda za juu iliyoitwa Wilhems Plains. Alipokewa na mjane, Bi D'Arifat, katika shamba lake la Le Refuge. Hali ilikuwa nafuu. Alijifunza Kifaransa vizuri, akawafundisha hesabu watoto wa mwenyeji wake, akacheza filimbi na kutembea milimani. Alichunguza jinsi chuma kilichomo merikebuni kinavyoipotosha dira, na uchunguzi huo ulizaa, baadaye, kifaa cha kusahihisha dira ambacho mabaharia duniani hukiita kwa jina lake. Barua za mkewe zilichukua mwaka mzima au zaidi kumfikia, kama zilifika. Machi 1806 Napoleon aliidhinisha aachiliwe, na agizo likawasili kisiwani 1807. Decaen alilikalia. Mateka huyu alikuwa ameijua mno pwani ya kisiwa na ulinzi wake, na Waingereza walikuwa wakikizingira.

Katika hali hiyo, huku rafiki zake wakimsihi asikate tamaa, aliketi 1809 kumwandika Trim. Mtu akiyasoma maandishi hayo bila kujua yalikoandikwa atacheka tangu mwanzo hadi mwisho. Akijua, atayaona vingine. Kila kisa kinarudi katika merikebu zilizokwisha kuoza au kuzama, kwa marafiki waliotawanyika, kwa miaka ambayo mwandishi alikuwa na amri juu ya njia yake. George Bass alikuwa amepotea baharini tangu 1803. Thistle alikuwa chini ya maji. Barua ya kumlilia Decaen alishaiandika mara nyingi na haikujibiwa. Kwa Trim aliweza kuwalilia wote bila kuwataja, na hakuna gavana ambaye angekagua karatasi za paka. Mwishoni aliahidi kwamba akijaliwa kupata kijumba chake cha makuti mashambani Uingereza, atamjengea paka wake mnara wa kumbukumbu.

Aliachiliwa Juni 1810, miezi sita kabla ya Waingereza kukiteka kisiwa hicho. Oktoba mwaka huo alitua Uingereza na kumkuta Ann. Hakumkuta mtu mwingine aliyekuwa akimsubiri. Cheo chake cha nahodha kamili kilihesabiwa kuanzia Mei 1810 tu, na miaka ya kifungo haikuhesabiwa kwa kupandishwa cheo. Wafaransa walikuwa wamemtangulia kuchapisha ramani ya Australia, na sehemu za pwani alizozivumbua yeye zilikuwa zimepewa jina la Napoleon. Alipopendekeza neno Australia, Banks na wengine walilipinga. Kitabu kikatoka kikiitwa Safari ya Terra Australis. Kijumba cha makuti hakikupatikana. Aliishi na mkewe katika nyumba za kupanga London, akihama kila kodi ilipopanda, akichora na kusahihisha usiku na mchana huku maradhi ya figo na kibofu yakimla. Binti yao, Anne, alizaliwa Aprili 1, 1812. Baba aliishi naye miaka miwili na miezi mitatu.

Mjane alinyimwa pensheni kama ile aliyopewa mjane wa Nahodha James Cook. Ann aliishi hadi 1852, na makoloni ya New South Wales na Victoria yalipoamua kumtengea fedha, habari hizo zilifika akiwa ameshafariki. Fedha hizo zilikwenda kwa binti yake, aliyezitumia kumsomesha mwanawe, William Matthew Flinders Petrie. Huyo ndiye mjukuu aliyekuja kuwa miongoni mwa waasisi wa uchimbaji wa kisayansi wa mambo ya kale nchini Misri. Jina la Australia nalo lilikuwa limekubaliwa rasmi tangu 1824.

Kaburi la Flinders lilipotea. Makaburi ya Hampstead Road alikozikwa yaligeuzwa bustani, na sehemu yake ikamezwa na kituo cha reli cha Euston. Kwa vizazi kadha wasafiri waliamini kwamba nahodha huyo amelala chini ya mojawapo ya majukwaa ya treni. Mnamo Januari 2019 wanaakiolojia waliokuwa wakihamisha maelfu ya mabaki kupisha reli mpya waliona jeneza lenye kibao cha risasi juu yake. Herufi zilikuwa zingali zikisomeka. Julai 13, 2024, miaka 210 baada ya kifo chake, alizikwa upya katika kanisa la kijiji cha Donington alikozaliwa.

Mnara alioahidi kumjengea Trim ulijengwa na watu wengine. Mwaka wa 1996 sanamu ya shaba ya paka iliwekwa juu ya kizingiti cha dirisha la maktaba ya Mitchell jijini Sydney, nyuma ya sanamu ya Flinders iliyokuwa imesimama pale peke yake tangu 1925. Na katika sanamu iliyozinduliwa Euston mnamo Julai 2014, wakati hakuna aliyejua bado mifupa ya nahodha iko wapi, mchongaji amemwonyesha Flinders amepiga goti juu ya ramani ya Australia akiwa na bikari mkononi. Karibu naye, amejaa tele, ameketi paka.